Dhamana ya Maisha ya Injini Shupavu

Nchi yenyewe hatutaitaja jina, kwa kuwa wenyeji wake ni watu wapole wasiopenda kusemwa, na serikali yao haipendi kusemwa kuliko wao. Itoshe kueleza kwamba ina milima, ina mito, ina bendera, na kwa miaka kumi na mmoja sasa ina burudani moja rasmi: kuendesha vigari vya rimoti.

Si vile vya betri wanavyonunuliwa watoto sokoni. Hivi ni vya watu wazima, vyenye injini ya kweli inayoenea kiganjani, inayokunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na kulia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Baba Mlezi wa Taifa aliletewa kimoja kama zawadi na balozi fulani. Akakiendesha kwenye ukumbi wa Ikulu kwa dakika kumi na mbili, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu aapishwe. Baraza la Mawaziri likakutana siku hiyohiyo na kupitisha kwamba taifa zima licheke.

Kiwanda cha serikali kikajengwa, injini ikaitwa Shupavu. Wastaafu wakaanza kupewa kigari badala ya kiinua mgongo. Maharusi walikabidhiwa kigari kwanza, cheti cha ndoa baadaye. Mfungwa aliyemaliza kifungo alirudishiwa langoni nguo zake, mkanda wake, na kigari juu. Siku ya uzinduzi Baba Mlezi alipanda jukwaani, akasafisha koo, akatamka: "Shupavu ina dhamana ya maisha!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye siku hizi anaandika utabiri wa hali ya hewa ya wilaya isiyo na mvua, aliinua mkono.

"Maisha ya nani, Mheshimiwa? Ya mwenye kigari au ya injini?"

Waziri wa Burudani ndiye aliyejibu. "Ya injini. Injini ikiwa hai, dhamana ipo. Ikishakufa, unadhamini nini tena?"

Watu wakaona kweli, ana hoja.

Kwa miaka mitano mambo yalikwenda vizuri, maana injini zilikuwa nzuri. Mwaka wa sita zikaanza kufa. Zilikufa zote kwa namna moja: matangi sita ya mafuta yanapita salama, tangi la saba injini inapiga kelele ya chuma, inaganda, inanyamaza. Watu wakazileta mjini zimefungwa kwenye vitambaa, wengine kwenye masanduku ya viatu. Foleni ikazunguka jengo la wizara mara mbili. Ndipo serikali sikivu ikaunda Idara ya Dhamana na Vifo vya Injini, ikaipa jukumu lililo wazi kabisa. Kiwanda ni mali ya wananchi, na wananchi hawawezi kujitengenezea kitu kibovu. Basi kila injini iliyokufa imeuawa. Kazi ya Idara ni kueleza mwenye nayo ameiua vipi.

*

Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Bwana Shaweji Mkwanda, Mkaguzi Mwandamizi wa Vifo. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya harusi. Hakuwahi kumfokea mteja. Alikuwa akimkaribisha kiti, anaifungua injini mbele yake kwa bisibisi ndogo, anaitazama, anashusha pumzi, kisha anaandika Sababu.

Sababu za Shaweji zilikuwa zikisomwa ofisi nzima. Fundi cherehani mmoja aliandikiwa: "Mteja aliitazama injini kwa wasiwasi wakati wa kuiwasha, nayo ikashika wasiwasi huo." Muuguzi akaandikiwa: "Chujio la hewa limekutwa na hewa." Mwenye bucha: "Mteja alikuwa na tabia ya kuzima injini bila kuiaga." Makarani walizinakili na kuzipeleka nyumbani kwa wake zao. Wateja nao walizipokea, wakazisoma mara mbili, wakaondoka wakijiuliza kama kweli walikuwa na tabia hiyo. Wengi waliamua kwamba walikuwa nayo. Karatasi ilikuwa na mhuri.

Kilichokuwa kikimtesa Shaweji ni rangi ya njano.

Silinda ya injini ile ni ya shaba, na ndani inatakiwa kupakwa kromu, iwe nyeupe na ngumu, ili pistoni ipande na kushuka bila kuila. Kila injini aliyoifungua ilikuwa njano ndani. Shaba tupu. Mtu yeyote mwenye macho angeiona, lakini wateja hawakujua waangalie nini, na yeye aliyejua alikuwa akiifunika haraka kwa kitambaa.

Alijua kwa sababu alikuwepo. Miaka sita nyuma alikuwa msimamizi wa ubora pale kiwandani. Zilibaki wiki mbili sherehe ya mwaka wa tano ifanyike, ikaamuliwa kwamba ngazi na vishikio vyote vya jukwaa vipakwe kromu, kwa kuwa Baba Mlezi hupenda kujiona anapopanda. Kromu ya kiwanda ikachukuliwa yote. Shaweji akaletewa karatasi yenye mstari mmoja: "Silinda zinaweza kutoka bila kromu kwa muda." Akasaini. Alijiambia ni wiki mbili tu. Baada ya sherehe hakuna aliyeleta kromu nyingine, hakuna aliyeuliza, na yeye akapandishwa cheo na kuhamishiwa Idara kwa kuwa alionyesha "moyo wa kutafuta ufumbuzi". Muda ule ulikuwa bado unaendelea.

Mkewe, Havintishi, alikuwa akimwangalia tu anavyosukuma sahani.

"Wewe unaumwa nini?"

"Kazi."

"Kazi gani hiyo ya kukaa kwenye kiti inayokukondesha hivyo?"

Akavuta tena sahani, akala matonge mawili ili asiulizwe la tatu.

*

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke mrefu mwenye mvi, kashika sanduku la biskuti kwa mikono miwili. Shaweji akasimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe. Nimeona jina mlangoni nikasema wapo akina Mkwanda wengi."

Alikuwa Mwalimu Siwema Kitunga, aliyefundisha ufundi wa injini katika chuo cha mji ule kwa miaka thelathini na minne. Yeye ndiye aliyemfundisha Shaweji kushika bisibisi. Alistaafu mwezi wa nne, akapewa mkono, wimbo, na kigari.

Mwalimu akaketi, akafungua sanduku, akatoa injini iliyoganda. Chini yake kulikuwa na daftari la mistari.

"Nimeizoeza kama kitabu kinavyosema," akasema. "Tangi la kwanza mwendo wa pole, dakika nane, napumzisha, nasubiri ipoe. La pili hivyohivyo. Joto nimepima, hewa nimepima, mafuta nimeyachuja mwenyewe kwa kitambaa cha hariri. Kila kitu nimeandika humu. Tangi la saba, dakika ya tatu, ikalia, ikafa."

Shaweji akafungua daftari. Lile lilikuwa daftari la mtu anayewapenda wasomaji wake. Kila dakika ilikuwa na mstari wake, pembeni kumechorwa kabureta ndogo kuonyesha sindano imefunguliwa mizunguko mingapi. Katika miaka yote ya Idara hakuwahi kuona mteja asiye na hata tone la kosa.

"Umeifungua, Mwalimu?"

"Nimeifungua. Nikaona kitu nikasema labda macho yangu." Akaisogeza mezani. "Shaweji, kromu iko wapi?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao. Shaweji akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Tutaichunguza, Mwalimu."

"Ichunguzeni. Mimi sitaki injini nyingine, nina kazi zangu. Nataka tu kujua." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Unajua, nimeshika injini miaka thelathini na minne, hakuna hata moja iliyofia mikononi mwangu. Hii imenishinda kuelewa."

Alipoondoka, Shaweji alikaa na fomu mbele yake hadi kalamu ikakauka ncha. Kuandika ukweli kulikuwa ni kuandika jina lake mwenyewe. Kuandika kwamba Mwalimu alizembea, hapana, mkono ulikataa. Akatafuta sababu iliyo laini kuliko zote, sababu ambayo ingekuwa karibu kama sifa. Mwishowe akaandika: "Mteja alifuata maelekezo kwa ukamilifu uliopitiliza, hali iliyoitia injini hofu."

Akagonga mhuri. Akajiambia kwamba angalau hajamtukana.

*

Karatasi ile ilimfikia Mkurugenzi Mkuu, Dakta Sifaeli Majigambo, ghorofa ya tisa, naye akaisoma amesimama. Kesho yake akaitisha wafanyakazi wote.

"Ndugu zangu," alisema, mkono mmoja kifuani, "kwa karne nyingi mwanadamu amedhani kwamba kosa ni kutofuata maelekezo. Leo, ofisi hii imevuka mpaka huo! Tumegundua kwamba hata anayeyafuata ana kosa. Ndugu zangu, hakuna tena mwananchi atakayetuponyoka!"

Walipiga makofi dakika nne. Shaweji aliinuliwa mikono na watu wawili, mmoja kila upande.

Kwa kuwa kesi ilikuwa ya mfano, Mkurugenzi aliamuru Mwalimu Siwema aitwe kwenye Kikao cha Majuto. Hicho kilikuwa kikifanyika kila Jumamosi uani kwa Idara: mteja anasimama mbele ya kipaza sauti, injini yake imewekwa kwenye mto mwekundu, anaiomba radhi, anasaini, anakwenda zake. Watu walikuwa wamezoea. Wengine walikuja na familia.

Mwalimu akajibu barua kwa mstari mmoja: "Sikuiua, sitaiomba radhi."

Sasa, sheria ilikuwa na kifungu kwa ajili ya watu kama huyo, ingawa hakikuwahi kutumika. Mtu anayekataa majuto huvuliwa taaluma yake. Siwema Kitunga akatangazwa kwamba hajawahi kuwa mwalimu. Na kama hajawahi kuwa mwalimu, wakasema wanasheria wa Idara kwa kuitana pembeni na kukunja nyuso, basi hakuna aliyewahi kufundishwa naye. Wanafunzi wake wote elfu moja mia moja na kumi na wawili wakatumiwa barua: "Inathibitishwa kwamba hukuwahi kufundishwa. Tafadhali rudisha ujuzi wako katika ofisi iliyo karibu nawe."

Ndani ya wiki moja pampu za maji za mji zilisimama, maana waliojua kuziendesha hawakujua tena. Lifti zikasimama. Mashine ya barafu ya hospitali, mitambo ya kusaga, jenereta ya redio, vyote vikakaa kimya kusubiri watu waliofundishwa na mtu. Dakta Majigambo akawa anapanda ghorofa tisa kwa miguu, akipumzika ya tatu na ya sita, na kila alipopumzika alikuwa akisifu uzalendo wa ngazi.

Barua moja ilikuja kwenye meza ya Shaweji ili aisaini. Ilikuwa imeandikwa jina lake. Naye pia alikuwa mwanafunzi. Akaisoma yote, akaisaini, akaiweka kwenye trei ya zinazotoka, akachukua kofia yake.

*

Alipofika kwa Mwalimu Siwema aliukuta uwanja umejaa. Mafundi zaidi ya mia walikuwa wamekaa chini, wengine wameleta mikeka. Walikuwa wamemzingira mama wa watu siku ya tatu, kwa heshima zote, wakimwamkia kila anapopita kwenda kuchota maji kwenye pipa.

Msemaji wao alikuwa Kajenga, fundi wa lifti, mtu mnene mwenye sauti ya huruma.

"Shaweji! Mungu amekuleta. Sisi tumeshindwa. Wewe alikuwa akikupenda, alikuwa akikukalisha mbele. Ingia ndani umwambie aseme samahani, neno moja tu, twende makazini. Mimi nina lifti mbili zina watu bado."

"Kwa nini mimi?"

"Una maneno mazuri. Nchi nzima inajua."

Wakamsukuma kwa mapenzi hadi mlango wa jikoni.

Mwalimu alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakumwambia akae. Shaweji akaketi mwenyewe kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni.

"Wamekutuma," Mwalimu akasema.

"Wamenituma."

"Basi sema."

Shaweji akafungua mdomo kusema aliyotumwa, na aliyotumwa hayakutoka. Yalitoka yale mengine. Alieleza wiki mbili za sherehe, ngazi za jukwaa, karatasi yenye mstari mmoja, saini yake ilivyokuwa, kalamu ya bluu. Alieleza rangi ya njano. Alieleza kwamba ile Sababu ya hofu aliitunga akijua. Alizungumza huku akiutazama ungo. Aliponyamaza, mikono ya Mwalimu ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Kumbe," akasema Mwalimu.

Nje mtu alikuwa akikohoa.

"Wiki tatu hizi," akasema, "nimekuwa nikiinyoosha mikono yangu asubuhi naiangalia kama inatetemeka. Nimelisoma lile daftari mpaka nimelikariri, natafuta nimekosea dakika ya ngapi. Nikasema uzee umefika, Siwema, hukuusikia ukiingia. Juzi nimempa jirani msasa wangu na spana zangu zote. Nikamwambia chukua, mimi sina tena kazi nazo."

Shaweji akainamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kufokewa.

"Toka nje ukawaambie," Mwalimu akasema. "Hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Akatoka. Akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawaeleza wote, mwanzo hadi mwisho, kromu, karatasi, saini. Mafundi walimsikiliza kwa makini kama watu wanaoelewa silinda. Alipomaliza walitazamana. Kajenga akakuna shavu.

"Tumekusikia, ndugu yetu. Mambo mazito hayo. Sasa, samahani atasema lini?"

*

Kesho yake Shaweji akapanda ghorofa tisa. Alimkuta Dakta Majigambo bado anahema.

"Mheshimiwa, nimekuja kukiri." Akakiri.

Mkurugenzi alimsikiliza akijipepea kwa jalada. "Ile karatasi ulisaini kwa jina lako?"

"Kwa jina langu."

"Kwa kalamu yako?"

"Ya ofisi."

"Basi ilisaini ofisi!" Uso wake ukakunjuka. "Bwana Mkwanda, umenitisha bure. Ukisema ulikosea, unasema waliokupandisha cheo walikosea, na waliowapandisha wao walikosea, tutafika wapi? Juu kuna mtu mmoja tu." Akachukua fomu, akaandika, akagonga mhuri, akamkabidhi. Kilikuwa Cheti cha Kutokuwa na Hatia, daraja la kwanza. "Kibandike sebuleni. Mimi mwenyewe sina."

Shaweji akashuka ngazi na cheti chake. Kila ghorofa kilizidi kumwelemea. Akakumbuka kwamba kanuni za Kikao cha Majuto zinamruhusu mtu yeyote kusogea kwenye kipaza sauti, na kwamba Jumamosi redio hutangaza moja kwa moja, kama jenereta yao itapata fundi. Hapo akaona njia.

Jumamosi ua ulifurika. Injini ya Mwalimu ilikuwa juu ya mto mwekundu. Mwenyewe hakuja. Karani alipoita jina lake mara ya tatu, Shaweji akasogea mbele, akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Silinda za Shupavu hazina kromu tangu miaka sita iliyopita," akasema. Sauti ilifika hadi ukutani. "Aliyeidhinisha ni mimi, Shaweji Mkwanda. Injini zenu zilikufa kwa sababu hiyo. Sababu zote nilizowaandikia nilizitunga. Mwalimu Siwema Kitunga hakukosea hata kidogo. Naomba radhi. Naomba radhi kwake na kwenu nyote."

Kisha akalia. Hakukusudia kulia, alilia tu, miwani ikining'inia kwenye kamba.

Wanawake kadhaa nao wakalia. Mtu nyuma akasema, "Huyu anaomba, siyo wale wa juzi waliokuwa wanasoma tu." Makofi yakaanza, yakakua. Karani akamsubiri amalize kupenga kamasi, akamuuliza kwa upole:

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanafunzi wake."

Karani akaandika. Akagonga mhuri.

Saa nane mchana redio ikasoma taarifa, jenereta ikiwa imewashwa na fundi aliyeruhusiwa kukumbuka kwa saa moja. Ujuzi wa wanafunzi wote elfu moja mia moja na kumi na wawili umerudishwa. Dakta Majigambo alinukuliwa akisema kwamba hajawahi kusikia radhi yenye hisia na tamathali za usemi kama ile. Mjini maji yakatoka. Watu waliokuwa kwenye lifti wakashuka wakiulizia tarehe.

Shaweji alikula siku hiyo. Havintishi alimwongeza wali mara mbili.

*

Jumapili asubuhi akaenda kwa Mwalimu. Uwanja ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Mwalimu alikuwa amesimama kibarazani, ameshika karatasi, akamsomea bila kumsalimu.

"'Siwema Kitunga, kwa kupitia mwakilishi wake, amekiri kuiua injini namba elfu tisa na arobaini, na ameiomba radhi kwa machozi. Anarudishiwa ualimu kwa huruma.'" Akaikunja mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo kama tikiti ya basi. "Nilikwambia useme, Shaweji. Sikukwambia uniwakilishe."

"Mwalimu, mimi nilisema ukweli wote! Watu walisikia!"

"Walisikia. Nenda kamuulize yeyote sasa hivi nani aliua ile injini. Mie nimeshauliza, wakati naenda kununua maziwa. Wananipa pole, wananiambia nimeombewa vizuri."

Shaweji alishika nguzo ya kibaraza.

Mwalimu akauliza, "Umewaandikia watu wangapi zile Sababu?"

"Elfu nne mia mbili na kitu."

"Na kitu gani?"

"Na kumi na saba."

"Majina yao unayo?"

"Yapo kwenye majalada, na anwani."

"Basi mimi ndiye wa mwisho. Anza na wa kwanza. Usimame mbele ya kila mmoja, peke yenu, bila kipaza sauti." Akaingia ndani. Hakuufunga mlango kwa kishindo, aliurudishia tu.

*

Wa kwanza aliitwa Lihame, kinyozi wa mtaa wa reli. Jumatatu Shaweji alipita ofisini kuchukua jalada tu, hakukaa kazini, akamfuata, akamkuta akimnyoa mteja mmoja. Alijitambulisha, akaeleza alichokuja kueleza. Jalada alikuwa amelibeba kwapani, akamsomea na Sababu aliyomwandikia miaka mitano nyuma: "Injini ilichezewa na mtu wa pili ambaye mteja anamfahamu."

Lihame akazima mashine. Kichwa cha mteja kilikuwa kimenyolewa upande mmoja.

"Mtu wa pili," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaandika namfahamu."

"Ndiyo."

"Nyumbani kwangu tulikuwa tunaishi wawili tu. Mimi na mdogo wangu, Selebwa." Akaiweka mashine kwenye rafu taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. "Alikuwa anaapa, nami namwonyesha mhuri. Akahama. Mama alipofariki tulisimama pande mbili za kaburi. Mwaka wa tano huu hatusemezani. Kwa nini uliandika vile?"

Watu walikuwa wamemuuliza Shaweji mambo mengi, lakini hilo hakuwahi kuulizwa. Alirudi nyuma kwenye siku ile kutafuta sababu, na akaikuta, ndogo, imekaa peke yake.

"Ilikuwa inakaribia saa saba," akasema. "Nilitaka kwenda kula."

Mteja kwenye kiti akageuza nusu ya kichwa kumtazama.

Lihame akavua aproni, akaitundika msumarini. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa Selebwa. Ukamwambie hivyohivyo, na hiyo ya kula usiiruke."

Wakaondoka, Lihame mbele, Shaweji nyuma na jalada lake, na mteja akifuata na shuka la kinyozi shingoni kwa kuwa hakutaka kuachwa vile. Walivuka reli, wakapita nyuma ya soko la mkaa, wakafika kwenye nyumba ya bati yenye mlango wa kijani. Lihame akabisha hodi.

"Nani?" ikauliza sauti kutoka ndani.

Lihame akafungua mdomo. Akaufunga. Miaka mitano ilikuwa mingi, hakujua ajitaje kama nani. Akasogea pembeni, akamshika Shaweji bega, akamsimamisha mbele ya mlango.

"Jibu wewe," akamwambia.